Ramu Iliyopigwa Tupa

Mama yangu ni fundi funguo, na tatizo lake ni kwamba hawezi kuona kitu kimefungwa akakiacha hivyo hivyo. Kibanda chake kimebanana na duka la viatu: mashine ya kuchongea upande mmoja, jiliwa la kubania chuma upande wa pili, na ukutani zimening'inia funguo ambazo bado hazijatiwa meno. Watu humjia wamepoteza funguo za nyumba, za gari, za kabati la marehemu, naye hufungua. Akishafungua hutamani kujua ndani kuna nini, ila mbele ya mteja hujikaza. Udadisi wote huuleta nyumbani, kwangu mimi binti yake, ambaye nashinda nimesimama kwenye duka la dawa na nikirudi ninachotaka ni kuvua viatu, si kusikia habari za makabati ya watu.

Aliyekuwa amemshinda ni mmoja tu, mdogo wangu wa kiume. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo katika mji wa mbali, na tangu aondoke simu zake kwa Mama ni za aina moja. Shikamoo, marahaba. Mzima? Mzima. Kazi? Ipo. Umekula? Nimekula. Haya Mama, tutaongea. Hawajagombana, wala mtoto hana ubaya wowote. Ndivyo alivyo, maneno huyatoa kwa kipimo kama mwenye duka anayepima sukari. Simu ikikatika Mama hubaki anaiangalia mkononi, kisha ananiuliza mtoto amemwambia nini. Nami kwa ulimi wangu huu namjibu kwamba amemwambia amekula.

Alipokuja likizo alikuja na kompyuta yake ya gemu. Akajifungia chumbani nayo. Mama alikuwa anapita na shuka alizotoka kuzianua, akasikia sauti, akasimama. Mwanawe alikuwa anacheza na wenzake walioko kila mahali, wanajenga mji wao wa kubuni na kuulinda, huku wanapiga soga kwa hedifoni. Alikuwa anacheka. Alikuwa anawaambia kwamba mgongo umemsumbua tangu alipobeba mzigo vibaya, kwamba msimamizi wake ni mkorofi, kwamba chumba alichopanga kina unyevu na usingizi haupati. Nilimkuta Mama hapo mlangoni, shuka mkononi, akanionyesha kidole ninyamaze.

Mezani alimuuliza mgongo unaendeleaje. Mzima, Mama. Hakumbana.

"Kumbe mdomo anao," aliniambia tulipobaki wawili jikoni. "Nataka kujua huko ndani kuna nini kinachomfanya aufungue."

Mdogo wangu alipoondoka tu, Mama akatangaza kwamba ataunda kompyuta ya gemu, naye aingie huko huko. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilimwambia ampigie simu amuulize mwanawe anachotaka kujua, kwisha habari. Akasema miaka yote hiyo amefanya nini kama si kuuliza. Nikamshauri basi anunue iliyokwisha kuundwa. Akasema hiyo ataifungua tu siku moja, kwa hiyo ni afadhali aanze nayo ikiwa wazi. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mdogo wangu asijue lolote mpaka siku Mama atakapomtokea kwenye gemu. Alihofia mtoto akijua mapema atamkatalia kwa adabu zake zile, na mlango huo nao utafungwa.

Basi akaanza safari za kwenda kwa Miwani. Miwani ni muuza kompyuta wa mtaa wa pili, mtu mpole, na alizoea wateja wanaouliza bei na kuondoka. Mama yeye alitaka kujua kwa nini. Aliambiwa aanze na prosesa, akili ya mashine, na kwamba prosesa ina soketi yake inayokalia kwenye mazabodi, lile bao kubwa linalobeba kila kitu. Ya kampuni hii haikai kwenye bodi ya kampuni ile. Tena hata kampuni ikiwa moja, mpya huwa zinakataa bodi za zamani. Hilo lilimfurahisha sana Mama. Alirudi nyumbani macho yanamng'aa, akanieleza chakula kikiwa kinapoa, kwamba huko nako kila kitu kina tundu lake.

Siku za mwanzo Miwani akimuona anakuja alikuwa anakimbilia stoo. Baadaye alizoea, akawa anamwekea kiti. Mama aliikataa kadi ya picha aliyopendekezewa, ile inayochora gemu kwenye skrini, kwa sababu alikwenda na futi yake ya kupimia akagundua kwamba ni ndefu kuliko nafasi iliyobaki kwenye kasha baada ya feni za mbele kuwekwa. Akauliza pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, inajuaje kwamba umeme wake utatosha vifaa vyote. Inajumlishwa, akaambiwa, mahitaji ya kila kifaa halafu unaacha ziada. Akauliza ziada ya nini. Na mimi, niliyeapa kwamba hayo hayanihusu, siku moja nilijishtukia namweleza mteja wa dawa ya kikohozi tofauti ya soketi na soketi. Alichukua dawa yake akaenda zake.

Kilichobaki mwisho kilikuwa ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya mashine. Miwani alimwambia bodi yake inataka ramu za kizazi cha tano, nazo zimemwishia, asubiri mzigo mpya. Mama na kusubiri ni paka na maji. Nyuma ya mtaa ule yupo muuza vifaa vilivyotumika, naye alimhakikishia kwamba ramu ni ramu, akamuuzia ya kizazi cha nne.

Jumapili mchana tulivitandaza vyote juu ya meza ya chakula. Prosesa ilikaa. Kadi ikaingia bila kugusa feni. Ramu ikagoma. Ule mstari wake wa dhahabu una kipengo kinachotakiwa kukutana na kigingi kwenye bodi, na kipengo cha hii kilikuwa kimekaa kando kidogo tu, kwa upana wa punje ya mchele. Mtu mwingine yeyote angeirudisha alikoinunua. Lakini mama yangu tangu usichana wake analetewa funguo zinazokaribia kuingia, na ufunguo unaokaribia kuingia dawa yake ni kuupiga tupa kidogo. Alikwenda kuleta ile tupa ndogo. Na mimi, msomi wa soketi, nikamshikia tochi.

Alipiga taratibu, akapuliza vumbi, akajaribu, akapiga tena. Ikaingia na mlio safi. Alinitazama kwa tabasamu ambalo nalijua, lile la kitasa kilichokubali. Akabonyeza swichi. Feni ziligeuka kidogo, ikatoka harufu ya kuungua, kisha kimya.

Mama aliketi. Mikono yake ililala mapajani. Nilimwonea huruma. Hakuwa analilia mashine, nilijua hivyo. Alikuwa anaona njia yake ya kumfikia mtoto imeungua mbele ya macho yake. Miwani siku hiyo hafungui. Nilimwambia ampigie mwanawe. Akakataa. Nikaipiga namba mwenyewe nikamkabidhi simu, nimeiweka kwenye spika.

Shikamoo, marahaba, mzima, mzima, kazi ipo. Nilisikia kabisa mdogo wangu anajiandaa kuaga. Ndipo Mama akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kwa daktari:

"Baba, ramu ikikataa kuingia ukaipiga tupa, inakufa peke yake au inakufa na bodi?"

Upande wa pili nilisikia kiti kinavutwa.

"Mama, nani amepiga ramu tupa?"

"Mimi."

Alicheka. Kicheko kile ambacho Mama alikisikia akiwa nyuma ya mlango, sasa kilitoka kwenye simu yake mwenyewe, kikaendelea mpaka mdogo wangu akasema asubiriwe anywe maji. Kisha maswali yakaanza. Alitaka kujua ni bodi gani, prosesa gani, pawa saplai ya nguvu kiasi gani, na Mama akawa anajibu moja baada ya jingine bila kuangalia popote. Aliuliza nani amezichagua. Alipoambiwa, akasema zimechaguliwa vizuri, zinaelewana. Akamweleza kwamba kipengo kimesogezwa makusudi ili mtu asiweze kuingiza kizazi cha nne kwenye bodi ya kizazi cha tano. Mama akamwambia kwamba kwenye kazi yake hakuna kitu kinachokataa makusudi, kipo kisichopata tupa tu. Mdogo wangu akacheka tena.

Alimwomba awashe kamera, achomoe ramu, amwonyeshe bodi karibu na dirisha, anuse hapa, aangalie pale kama pameungua. Nilipika. Nilikula peke yangu. Nikaosha vyombo, bado wanaongea. Na katikati ya hayo, Mama akiwa anahangaika na skrubu iliyokaza, mdogo wangu akasema bila kuulizwa na mtu kwamba mgongo bado unamuuma, na kazini anaficha wasijue. Mama hakuacha kuzungusha skrubu.

"Upande gani?" aliuliza tu.

Akamwambia upande. Akamwambia na mengine. Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, na sitaficha, nilishikwa na wivu. Mimi ninayeishi naye, ninayejua dawa zote za mgongo, hakuna aliyeniuliza. Lakini Mama alikuwa anang'aa usoni, na wivu wangu ukakosa pa kukaa.

Baada ya hapo mdogo wangu alipiga kila jioni. Ramu zimefika? Miwani anasemaje? Zilipofika zile za kizazi cha tano alimwelekeza aziweke kwenye matundu yapi, akamfungulia akaunti kwenye gemu lao, akamweka miongoni mwa wenzake. Bodi ilikuwa imenusurika. Yule aliyesema ramu ni ramu hakuulizwa kitu, maana ukishapiga bidhaa ya mtu tupa huna pa kuanzia.

Siku kompyuta ilipowaka tulikuwa mimi na Mama tu. Taa zake zilijaa sebule nzima, nikapiga makofi kama mtoto. Jioni ile tuliingiza gemu, Mama akaandika jina lake, akaingia, akajikuta amesimama kwenye uwanja mtupu asioujua. Alikuwa anajifunza kutembea, anagonga ukuta, anageuka, anagonga mwingine, simu ilipoita.

"Vipi, Mama. Imewaka?"

Mama aliitazama kompyuta, inanguruma vizuri, inameremeta.

"Bado, baba," alisema. "Bado inasumbua."

Nilifungua mdomo. Alinikata jicho nikaufunga. Ndipo nikaelewa, na moyo uliniuma. Aliogopa kwamba ikishawaka hakutakuwa na la kuuliza tena, na zitarudi simu zile za umekula, nimekula, tutaongea. Mama yangu hajui kusema uongo. Mabega yalikuwa yamemshuka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Inasumbua wapi?"

"Hapa kwenye... feni. Feni haieleweki."

Tulisikia mdogo wangu anabonyeza kitu upande wake.

"Mama, niko mbele ya kompyuta yangu. Nakuona humu kwenye gemu. Umesimama unaangalia ukuta."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili na mimi sikujua niangalie wapi.

"Sawa," alisema mdogo wangu, sauti imekuwa ya chini. "Tuseme feni inasumbua. Na kesho itasumbua, na keshokutwa. Vaa hedifoni, Mama, uongee na mimi huku huku, nije hapo kwenye ukuta huo."

Mama alivaa hedifoni, akavuta kiti karibu. Akaanza kumweleza, kwa kirefu, ubovu wa feni ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na mdogo wangu akawa anamuuliza maswali.