Mnara Uliolazwa Majengo

Bibi yangu anauza karanga Majengo, kwenye kivuli cha mnara wa wakoloni. Kibao chenye jina la mkubwa wao kiliibwa na watu wa chuma chakavu, kwa hiyo hatujui tunamkumbuka nani. Tunachojua mtaa mzima ni kimoja: mkoloni hakujenga kitu bure. Chini kuna mali.

Basi alipokuja msanii, dada mmoja wa Dar mwenye rasta, na kibali cha halmashauri, akazungushia mnara mabati, kila mtu ghafla akawa na safari ya kupita pale. Bibi alihamishiwa juani, ng'ambo ya barabara.

"Sanaa gani ya kujificha?" akaniuliza. "Anachimba huyo."

Nikitoka shule nachungulia kwenye tundu la msumari. Naona vumbi na mgongo wa fundi. Nikampa ripoti: "Bibi, nimewaambia wakipata dhahabu wakuachie ya meno." Hakucheka. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Siku mabati yalipotolewa, mnara ulikuwa umelazwa chini kama mlevi, umesuguliwa, umegeuka benchi.

"Miaka yote mkoloni huyu kasimama, nyie mmeinama," msanii akasema. "Leo mkalieni!"

Hakukaa mtu. Macho yote yalikuwa pale mnara ulipokuwa umesimama: saruji mbichi.

"Na hapo umefukia nini?" akauliza muuza nyama.

Msanii akacheka. Kosa kubwa hilo.

Bibi akavuka barabara na beseni lake, akagonga saruji kwa fimbo. "Fukueni. Halafu mniambie kivuli changu kimekwenda wapi."

La kivuli lilimwingia msanii. Alimwomba bibi radhi, akashika sururu mwenyewe. Vijana wakampokea, wakachimba hadi kiunoni, wakaibuka na kopo lenye kutu. Ndani, udongo.

"Mkoloni kala samaki, katuachia kopo!" nikapiga kelele. Wengine wakacheka. Wengine wakaondoka wakinong'ona kwamba dhahabu ilishatoka zamani, nyuma ya mabati.

Msanii akaenda madukani Kashaulili, akarudi na mwavuli mkubwa wa biashara. Bibi akataka mti wa mwavuli usimikwe ndani ya shimo lile lile, ndipo wafukie. Kisha akamkalia mkoloni, beseni mapajani, miguu juu ya udongo mbichi.

"Sasa bibi, si tumeona hamna kitu?" nikamuuliza.

"Hawajafika chini," akasema, macho kwa msanii.