Katarina na Mtoto wa Farasi wa Mbulumbulu

Miaka ya Mbulumbulu haina haraka. Ngano hupandwa na kuvunwa, watoto hubatizwa, kisha huoa na kuolewa, na wazee hulazwa kando ya mashamba waliyoyalima. Katika mwendo huo Katarina aliishi umri wake wote bila kujulikana nje ya kigango chake. Mumewe, Sylvesta, baba wa binti yao Germana, alikuwa mtunza farasi wa shamba kubwa la mzungu. Alizikwa masika ya mwaka 1973. Mwaka uliofuata mwenye shamba alihama na farasi wakauzwa, isipokuwa jike mchanga mmoja aliyefiwa na mama yake. Huyo hakupata mnunuzi, akasahauliwa bandani ukame ukiila nchi.

Katarina alimkuta amelala juu ya samadi, mbavu zimetokeza, kwato zimerefuka na kupinda. Msimamizi wa shamba hakumficha neno.

"Mtibu ukipenda, mama, lakini wewe huna malisho. Nikirudi kutoka Arusha nikakuta hajapata wa kumchukua, nitampiga risasi. Afadhali risasi kuliko fisi."

Shemejiye Josephati alimsaidia kumkokota hadi nyumbani, akinung'unika njia nzima. "Ng'ombe wetu wanakufa, shemeji, nawe unaleta asiyekamuliwa wala kuliwa."

"Kaka yako ndiye aliyempokea alipozaliwa."

"Kaka yangu alikuwa na mshahara."

Katarina akamfanyia kama Wairaqw wenzake wamfanyiavyo ndama mgonjwa: akamwingiza ndani, akamfunga karibu na jiko, akaziba nyufa zote kwa samadi ili upepo usipite. Alimpikia uji wa pumba, akamchonga kwato kwa kisu cha marehemu. Vidonda vikaanza kufunga. Kisha mnyama akaanza kukohoa. Katarina akaongeza kuni, akidhani ni baridi. Kikohozi kikazidi, na hatimaye mnyama akaukataa hata uji. Kadiri alivyomhurumia ndivyo alivyozidi kudhoofika. Mama yule alipiga magoti na rozari mkononi, na maneno ya sala aliyoyajua tangu utotoni yakamkauka kinywani.

Ndipo alipofika Nareyu, mama wa Kimaasai kutoka Ngorongoro, ambaye kila alipokuja na punda wake kutafuta mahindi alipumzika kwa Katarina. Aliingiza kichwa mlangoni, akakitoa upesi, macho yakimtoka machozi.

"Mama Germana, huyu unamkausha kama nyama?"

"Kifua kinamsumbua. Namkinga na baridi."

"Moshi ndio unaomuua. Ng'ombe wenu wameuzoea. Wa namna hii hulala penye upepo, tena akiwa peke yake hali chochote."

"Na fisi?"

"Tutakata miiba."

Wakakata miiba, wakajenga zizi, wakamweka kati ya punda wawili. Hakuinuka. Kesho yake pia hakuinuka, na Katarina akamsihi mwenzake aende zake asije akashuhudia ile risasi. Nareyu hakuondoka. Siku chache baadaye, punda walipokuwa wakitafuna mabua, mtoto yule wa farasi alinyoosha shingo akachukua bua moja, kisha jingine, na mwishowe akasimama.

Lakini kula hakukumpatia mlezi. Paroko hakuwa na malisho. Majirani walitikisa vichwa. Gari la msimamizi lilipoonekana likipanda kilima, Katarina alimshika Nareyu mkono.

"Mchukue wewe, Mama Olais."

Nareyu aliwatazama punda wake. Ukame ulikuwa umemwulia punda wengi, na maji kwao yalikuwa mbali.

"Mumeo atakubali?" Katarina akauliza.

"Ng'ombe ni wake. Punda ni wetu wanawake. Kwa hao haulizwi."

"Huyu si punda."

"Nitamwambia ni punda aliyerefuka."

Katarina alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Msimamizi alishuka na bunduki, akamtazama mnyama akiwafuata punda kwa miguu inayotetemeka, akairudisha garini. Nareyu akaikamata njia ya msituni. Katarina alisimama uani mpaka kile kikohozi kisisikike tena, asijue kama kimenyamazishwa na umbali au na mauti.

Mvua zilipokuja, habari ililetwa sokoni Karatu: yule farasi anabeba maji, na asubuhi bado anakohoa.

Katarina alifariki mwaka 1986. Mwenyezi Mungu, asiyedharau kiumbe chake chochote, amlaze pema pamoja na Sylvesta. Awajalie Germana na watoto wake mvua kwa majira yake. Na nyumba ya Nareyu isipungukiwe maji wala wa kuyabeba. Amina.