Bei ya Sauti ya Baba

Baba alirekodi santuri moja tu maishani, akiwa kijana ambaye bado hajabatizwa. Upande mmoja anaimba huku akipiga obokano, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane. Upande wa pili anaimba mtu mwingine kabisa. Baadaye aliingia kanisani, akaachana na obokano na nyimbo za kwenye pombe, na sisi watoto tukakua hapa Kebirigo tukimjua kama mzee wa kanisa anayeimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha jirani. Alipofariki hatukubaki na sauti yake popote. Picha zake tunazo mbili, na katika zote amefunga mdomo.

Hilo lisingenisumbua kama masikio ya Mama yasingeanza kuziba. La kulia lilitangulia. Daktari akatuambia la kushoto linafuata, na kwamba cha kufanya ni kumsemesha kwa karibu tu. Tulipotoka pale Mama alinishika mkono, akaniambia kwa Ekegusii kwamba kabla hajawa kiziwi kabisa anataka kumsikia mumewe, jinsi alivyokuwa akiimba siku walipokutana. Hajawahi kuniomba kitu kikubwa, huyu mama. Hata kanga hununuliwa akigomba.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta santuri, mimi ambaye maisha yangu yote ni majani chai na ng'ombe. Nilianzia Kisii mjini. Vijana wanaouza muziki wa kujaziwa kwenye simu waliniangalia kwa huruma, mmoja akaniuliza kama ninachotafuta ni sahani ya kulia chakula. Aliyenielewa ni fundi wa redio, Mwislamu mwenye kibanda karibu na msikiti, ambaye bado ana mashine ya kuchezea santuri chini ya rundo la spika mbovu.

"Santuri zenu ziliondoka zamani, mzee wangu," alisema. "Walipita watu wakizikusanya nyumba kwa nyumba. Kule Kiogoro peke yake walijaza gunia. Mtu anapewa bei ya soda, na anashukuru kwa kupunguziwa takataka."

Yetu nayo lazima iliondoka hivyo. Sijui nani aliitoa. Nadhani ni Baba mwenyewe, na kwa jinsi nilivyomjua, hiyo soda hakuinywa.

Hapo ndipo nilipoijua biashara hii, na nikaichukia siku hiyo hiyo. Kumbe duniani kuna watu wanaosikiliza santuri kwa mashine yenye thamani kuliko nyumba yangu, wenye chumba maalumu na kiti maalumu, wanaojisifu kwamba wanasikia kidole kikiuachia uzi. Binti yangu alitafuta kwenye simu akawapata. Walikuwa wameandika mengi kuhusu ile santuri: uzito wake, usafi wa mifereji yake, hata ukimya ulio kati ya mlio na mlio. Baba hawakumtaja zaidi ya jina lake na kusema ni mpigaji asiyejulikana. Hajulikani na nani?

Na bei zenyewe! Hapa kwetu ilikuwa soda. Nairobi ni mtamba mzima. Ulaya ni ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake, na muuzaji wa huko alikuwa ameandika kabisa kwamba nchini kwetu hatumi mzigo. Yaani kadiri santuri inavyokwenda mbali na watu wanaoelewa maneno yake, ndivyo inavyozidi kuwa ghali. Nilimweleza mke wangu jambo hilo jikoni nikipiga meza, naye akaniambia meza haijanikosea.

Nilimpigia simu muuzaji wa Nairobi, nikamsihi anirekodie ule wimbo tu, anitumie, nimlipe.

"Aah, buda, hiyo haiwezekani," alisema. "Nikikurekodia itasambaa kila mahali. Nani atataka hii yangu tena? Na nimebaki na moja tu. Mzungu akiiona, imeenda."

Niliuza mtamba. Alikuwa karibu kuzaa, na mke wangu alinuna hadi majirani wakaanza kuniuliza kulikoni.

Mzigo ulifika Kisii siku ya Ijumaa, karibu na adhuhuri. Niliufungulia pale pale kwenye ofisi ya vifurushi. Kwenye kona ya lile jalada la karatasi kulikuwa na muhuri uliofifia wa duka la hapa hapa Kisii, lililofungwa zamani. Nilikuwa nimeuza mnyama kununua kitu kilichotoka mtaa wa pili. Nilisimama pale nikiwa na hasira isiyokuwa na mtu wa kuielekeza kwake.

Nikaenda kwa fundi, nikakuta amefunga ameenda kusali. Kumsubiri sikuweza, maana lori la kiwanda cha Itumbe lilikuwa linakuja kuchukua majani alasiri, na jua likitua sisi tumeingia Sabato. Kesho yake ni siku yetu ya ibada. Basi ikawa Jumapili. Nilimpigia fundi, tukakubaliana.

Nyumbani Mama aliipokea santuri kwa mikono miwili. Aliigeuza, akainusa, akapitisha kidole juu yake taratibu, kisha akaniuliza Baba yuko upande gani. Nikamwonyesha. Niliiweka mezani, nikaonya kila mtu asiweke kitu juu yake, nikabeba majani yangu nikaenda kwenye kituo cha kupimia.

Sasa, Ijumaa kwetu ni siku ya matayarisho. Kila kitu kinafuliwa, kinasuguliwa, kinapigwa pasi; chakula cha kesho kinapikwa; hata viatu vinapanguswa matope, ili Sabato ikute nyumba safi. Mama hupenda kazi hiyo kuliko sisi sote. Na siku hiyo mvua ya alasiri, ambayo huku kwetu haikosi, ilikosa. Jua lilikuwa kali mpaka majani yakaanza kunyauka tukiwa kwenye foleni.

Niliporudi, niliiona santuri kutoka langoni. Ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, nje, imesimamishwa kati ya sufuria mbili zinazong'aa, nyeusi, safi kabisa. Ukingo wake ulikuwa umelegea na kulala juu ya sufuria, ukafuata umbo lake kama chapati mbichi. Niliishika, bado ilikuwa ya moto. Nikaiingiza ndani, nikaibana kati ya vitabu vizito. Ilipopoa ilibaki vile vile ilivyojikunja.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, ameshaoga, kitambaa cheupe kichwani.

"Ilikuwa na vumbi la safari," alisema. "Nilitaka aingie Sabato akiwa msafi."

Sikuweza kugomba. Nilitaka, nakiri nilitaka sana, lakini ningemgombeza kwa sauti ya kiasi gani ndipo asikie? Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Sabato ile niliimba bila kusikia ninachoimba.

Jumapili tulikwenda hivyo hivyo, kwa sababu Mama alikuwa ameshavaa.

Fundi alimwamkia, "Shikamoo, mama," akampa kiti kilicho karibu na spika. Alipoitoa santuri kwenye jalada alinitazama, nami nikatazama chini. Aliiweka juu ya mashine, ikaanza kuzunguka ikipanda na kushuka. Akaweka sarafu juu ya mkono wa sindano ili uwe mzito. Sindano ikarukaruka, ikakwaruza, ikateleza hadi katikati. Akairudisha, ikateleza tena. Safari moja nilisikia uzi mmoja, na pumzi ya mtu anayevuta hewa ili aanze kuimba, kisha mkwaruzo. Fundi alirudia mahali pale pale, lakini ile pumzi haikurudi.

Muuzaji wa Nairobi hana nyingine. Ya Ulaya imepanda tena, na zizini kwangu amebaki ng'ombe mmoja, anayetulisha.

Mama alikuwa ameinama, mkono nyuma ya sikio la kushoto, uso wake umetulia kabisa. Mkwaruzo alikuwa anausikia.

"Kuna kama mvua kwenye mabati," aliniambia. "Ameanza?"

Niliinama karibu na sikio lake.

"Bado, Mama," nikasema. "Bado hajaanza."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kusubiri.