Sungura Mwenye Macho Thelathini

Kinachoniudhi kwanza ni orodha ya nchi. Umeshachagua kitu chako, umekipenda, umekiona hata katika ndoto, halafu unafika mahali pa kuandika nchi unayoishi. Unateremka: Brazili, Bulgaria, Burkina Faso, Kambodia. Burundi haipo. Nimeipanda na kuishuka orodha hiyo kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta ufunguo aliousahau nyumbani. Maduka mengine ya Kijapani yana adabu zaidi: yanakuacha uandike Burundi, mtaa, na namba ya simu, ndipo yanakuambia samahani, na chini ya samahani yamechora kapaka kadogo kameinamisha kichwa. Tatizo ni kwamba kapaka kenyewe kazuri. Hasira yangu inakosa pa kwenda.

Nina miaka arobaini na sita. Nafanya kazi kwenye kiduka cha fotokopi huko Rohero, napiga chapa barua za watu na tasnifu za wanafunzi, jioni narudi Jabe, kwenye nyumba tuliyoachiwa na baba, ninakoishi na mama. Ugonjwa wangu ulianza siku mteja mmoja, aliyetoka mafunzoni Japani, alipoleta vyeti vyake ndani ya bahasha iliyochorwa chura aliyeshika mwavuli. Alichukua vyeti, bahasha akaitupa. Niliiokota kwenye pipa la taka na ninayo mpaka leo. Tangu hapo napenda kila kitu chao: karatasi za kukunja, uyoga unaotabasamu kwenye daftari, utepe wa karatasi wenye paka ambao ukiubandika unabanduka bila kuchana kitu. Utepe huo ninao mmoja tu. Kwa miaka mitatu sikuutumia hata kidole kimoja, kwa sababu nikiutumia utaisha.

Dada zangu wananicheka. "Mutu mukubwa na midoli!" Mama hakucheka, alitaka tu kuelewa. Siku moja nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia neno lao la vitu vidogo vinavyoyeyusha moyo.

"Kawaii, mama."

"Kawaida?"

"Apana. Kawaii."

"Sasa kama ni kawaida, we unalilia nini?"

Binamu yangu anayeishi Ubelgiji ndiye aliyeniletea kitabu. Nilikiomba, nikakisubiri, nikakiomba tena, akakisahau kwake, akarudi nacho safari ya pili. Kilikuwa kitabu cha kufuma wanyama kwa kroshe, chote kwa Kijapani, wanyama thelathini, na mimi nilimtaka mmoja tu: sungura aliyesimama ameficha mikono nyuma ya sketi, kama mtoto aliyevunja sahani. Nilitaka nimfume kwa mikono yangu, na nilitaka mama amwone. Hilo ndilo lilikuwa na haraka. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima, na daktari alituambia wazi kwamba dawa zitachelewesha tu, ila kilichokwisha kuondoka hakirudi. Miaka yote mama amenisikia nikisifia vitu asivyovijua. Nilitaka kimoja akione kabla mlango haujafungwa.

Hapa sasa nieleze ujinga wangu mwenyewe.

Wajapani huvisha vitabu vyao koti la kitambaa visichafuke. Nami nikakishonea changu koti, kwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye shela ya mpwa wangu, nikakizungushia uzi wa dhahabu pembeni. Kitabu chenyewe kinafunguka kutoka kulia. Nilirudi kazini siku moja nikakikuta juu ya kabati, kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe, ubavuni mwa msahafu.

"Kitabu ya dini haikae chini," mama aliniambia. "Wale watoto wako na mikono ya mafuta."

Alikuwa amekifungua ukurasa mmoja tu, ule wa utangulizi, ambako maandishi yanashuka kutoka juu kwenda chini. Akakumbuka kwamba kuna Waislamu wengi Uchina. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Watoto wa dada yangu walikuwa uani wakigombania maandazi, nikaitazama mikono yao iking'aa mafuta, nikakiacha pale pale juu ya kabati. Nilifurahi hata. Kitabu changu kilikuwa kimepata mlinzi.

Nilivuna nilichopanda. Kuanzia siku hiyo, nikitaka kumtazama sungura wangu lazima nitawadhe, maana mama alikaa mlangoni akisikiliza kama maji yamemwagika. Yeye mwenyewe hakukigusa tena, akisema hawezi kushika asichoweza kukisoma. Aliwaambia majirani kwamba binti yake anasoma sana siku hizi. Kufuma kwenyewe nikakuhamishia kazini, chini ya meza, saa ambazo umeme umekatika na mashine zimelala. Umeme unakatika sana, kwa hiyo nilipata muda mwingi wa kuharibu uzi.

Simu ndiyo ilikuwa mkalimani wangu. Napiga picha ya ukurasa, inatafsiri. Ikaniambia: "Tengeneza macho sita katika duara." Sawa. "Mzunguko wa pili, ongeza macho, yawe kumi na mawili." Nikasoma tena. Mzunguko wa tatu, macho kumi na manane. Mzunguko wa tano, macho thelathini. Nikamtazama sungura kwenye picha: ana macho mawili, meusi, madogo kama mbegu za papai. Hayo ishirini na manane yameenda wapi? Nilijaribu Kifaransa, nikapewa macho. Nilijaribu video, zikala megabaiti zangu zote zikimwonyesha dubu. Mimi sikutaka dubu. Nyumbani nilifundishwa kroshe nikiwa na miaka tisa, nikajua mnyororo na mstari ulionyooka, nikakimbia kwenda kucheza kamba. Kwa hiyo nilikisia. Kila kichwa nilichofuma kilitoka na umbo lake la aibu: kimoja kama kofia ya mtoto mchanga, kingine kama soksi. Karibu mwaka mzima uliisha hivyo.

Wakati huo wote, nyumbani kwetu kila kiti kina kitambaa cha kroshe mgongoni. Meza ina chake, redio ina chake, mtungi wa maji una chake chenye shanga pembeni. Vyote amevifuma mama. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Kroshe ya mama ilikuwa vitambaa vya kufunika viti. Yangu ilikuwa Japani.

Mwalimu anayewafundisha watoto Kurani anakuja kwetu kila Alhamisi. Alhamisi moja niliingia na mkate mkononi nikamkuta mama amekishusha kitabu, amekikunjua kile kitambaa cheupe, anamsogezea kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tuangaliye hii. Ni dua gani ya Wachina? Mutoto wangu anaisoma kila siku, mi sijui inasema nini."

Nilitaka kupiga kelele. Mwalimu alipiga bismillah, akafungua katikati. Akakutana na nguruwe aliyevaa aproni. Akafunga. Akafungua mbele zaidi, nadhani kwa kumwonea mama huruma, akaangukia ukurasa wa michoro, ambako kila mnyama amechorwa kwa duara ndani ya duara, na kila duara limejaa vialama vidogo vya kujumlisha.

"Mama," alisema polepole, "hapa iko misalaba."

"Misalaba?"

"Mingi sana, mama."

Watoto walianza kucheka, na mwalimu, mtu mwema, alishindwa kujizuia, akaziba mdomo kwa kanzu. Mama hakucheka. Alikaa na kitambaa cheupe mapajani, akageuza uso upande niliokuwa nimesimama.

"We ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, akainuka, akaenda kukifua kile kitambaa.

Siku tisa hakusema nami. Akitaka chumvi aliwatuma watoto: "Muambieni yule msomi alete chumvi." Nilikasirika, naye alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Siku ya kumi nilirudi na kichwa kingine kilichopinda, nikakitupa mezani na kutamka neno ambalo halitamkwi mbele ya mzazi. Mkono wa mama ukatambaa mezani, ukakipata. Akakiminya, akakipitisha kidoleni.

"Nani amekufundisha kuua uzi hivi?"

Hasira ilinitoa maneno. Nikamweleza yote: simu, duara, macho sita, macho kumi na mawili, macho thelathini ya sungura mmoja. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Jicho njo tundu, mwanangu! Sindano inaingia wapi? Macho thelathini, ni matundu thelathini. We umesoma mpaka wapi hata?"

Napiga chapa tasnifu za wachumi, nimeshindwa na tundu.

"Lete hiyo misalaba yako," alisema.

Nilimletea. Akauweka ukurasa kwenye pua, akaupeleka mlangoni kwenye jua, akaugeuza, akaurudisha. Alama zilikuwa ndogo kama chawa. Akasema haoni kitu, ni vumbi tu, na hapo kicheko kikaisha chumbani.

Kesho yake nilikipeleka kitabu kazini. Mashine inaweza kukuza, niliwahi kukuza ramani za viwanja vya Carama kwa wapimaji, nishindwe kumkuza sungura? Karatasi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka nusu, umeme ukakatika. Nilikaa na ile nusu mkononi mpaka saa tisa, huku bosi akiniuliza hizo ni plani za nani. Umeme uliporudi nikatoa karatasi nne kubwa. Nyumbani nikazipanga kwenye mkeka, nikatafuta kitu cha kuziunganisha, hakuna gundi, hakuna plasta. Nikaenda kwenye sanduku langu, nikautoa ule utepe wa paka. Niliuvuta wote. Uliisha bado kidole kimoja kufika mwisho wa karatasi.

Mama alipiga magoti juu ya mchoro, uso ukikaribia kugusa karatasi, jicho lake la kulia likifuata kidole.

"Huyu ameingia," alisema. "Huyu ameingia. Huyu ameingia. Hapa wawili wameingia tundu moja, wanaongezeka. Hapa tena." Alizunguka duara zima hivyo, akafika mahali alama mbili zimeegemeana kama paa la nyumba. "Hapa wawili wamekuwa mumoja. Anaanza kufunga." Akakaa kitako. "Hii si Kijapani. Hii ni kroshe."

Mama hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule. Ng'ombe hazeeki maini, wanasema, na mimi nilisimama pale nikiwa na furaha na hasira kwa kiasi kimoja. Mwaka mzima kitabu kilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka kitandani kwake. Mwaka mzima jicho lake lilikuwa bado linasoma alama ndogo kama chawa. Mimi niliogopa mafuta ya maandazi.

Tulimfuma kwa wiki tano. Mama alikuwa akifuma kwa vidole zaidi kuliko kwa jicho, uzi mweupe ili auone, na mimi namsomea simu, maana sehemu za mwisho zilikuwa maneno matupu bila mchoro. Jioni tuliyofunga kichwa, simu ilisema: "Pitisha uzi katika macho yaliyobaki, uvute, uyafunge."

"Imebaki mangapi?" mama aliuliza.

"Sita."

"Sita! Huyu sungura ni tajiri. Mi imenibakia nusu."

Akavuta uzi, tundu likafungika, akaukata kwa meno.

Sketi niliishona mimi peke yangu, kwa siri, nimshtue mama nayo. Nilimvisha sungura, nikamficha mikono nyuma kama kwenye picha, nikamwita mama mlangoni penye mwanga. Alimshika, akamsogeza karibu, akamsogeza mbali, akamzungusha taratibu kutafuta pembe ambayo jicho bado linakubali.

"Kawaida," alisema.

"Kawaii, mama."

"Njo hiyo nimesema." Kisha kidole chake kikashuka mpaka kwenye sketi, kikalipapasa pindo lote. "Na hii umemuvalisha, iko rangi gani?"

Nikamwambia ya waridi.

"Mwaka jana ningeiona," alisema, akanirudishia sungura nimshonee mdomo.