Roho Haiitwi kwa Mdomo Uliofunikwa

Dada yangu Thongmuan, muuguzi, alizeekea wodi ya watoto katika hospitali ya wilaya yetu. Watoto wenye mapafu mabovu walivutishwa dawa kwa mashine inayoigeuza kuwa mvuke. Dawa nyingine iliingia kifuani mwa mtoto, nyingine ilitanda hewani, na aliyeinama hapo kumshikia mtoto kifuniko cha usoni alikuwa yeye.

Kwetu mtoto akiugua, roho yake imeshtuka ikakimbia. Huitwa kwa upole, mdomo karibu na sikio, kisha mgonjwa hufungwa uzi mweupe mkononi. Thongmuan aliwaita wote, mvuke ukifuka: "Njoo nyumbani, roho we. Wali umeiva, yai limemenywa."

Ilipotoka amri kwamba wauguzi wavae barakoa, alitii asubuhi moja. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akamcheka.

"We mwanangu, unaita roho au unaiba kuku? Itakujuaje umejifunga hivyo?"

Wodi nzima ikaangua kicheko, naye pia. Akaishusha barakoa kidevuni, na haikupanda tena.

Kikaanza kikohozi, kisha kifua kubana. Akiwa likizo alipumua vizuri. Akirudi wodini, kifua kinapiga mluzi kama birika. Daktari akamwambia mapafu yake yameikataa ile dawa, ahame.

"Nihamie kwenye mafaili? Hawa nani atawaita?"

"Mama, watapona kwa dawa."

"Dawa ni ya kifua. Roho je?"

Hakuhama. Walimstaafisha alipokuwa hawezi hata kupanda ngazi.

Siku hizi mtoto hufungwa kifuniko kwa mkanda, muuguzi akasimama nyuma ya kioo akitazama namba. Ni salama, sikatai; vitabu vya tiba nimevisoma mwenyewe. Lakini watoto wanalia peke yao, na uzi mweupe umepigwa marufuku, eti uchafu.

Msimu wa mvua Thongmuan alilazwa hospitali ileile, naye sasa akivutishwa mvuke, wa dawa nyingine. Nikaenda na yai na uzi, nikainama sikioni mwake.

"Thongmuan, njoo nyumbani. Wali ume..."

Akanisukuma uso kwa kiganja, akainua kifuniko.

"Rudi nyuma, kaka. Utavuta."

"Sasa nitakuitaje, kutoka mlangoni?"

"Si upige kelele? Sauti unayo." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza.

Nikasimama mlangoni nikamwita kwa sauti yangu yote, mpaka wauguzi wakanitoa nje. Uzi nilimfunga kesho yake, mkono ukiwa umeshapoa.