Celestina wa Mbamba Bay, Aliyebadilisha Vifuniko

Alizaliwa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mwaka 1981, binti wa tatu wa mvuvi Izidori na mkewe Dafrosa, akabatizwa Celestina. Watakatifu wengi husimuliwa kuwa walikuwa wapole tangu ubatizo. Huyu hakuwa. Dada yake akishonewa gauni, yeye alikosa usingizi. Jirani akimaliza kuuza usipa, wale dagaa wa ziwani, mapema, yeye alisema kipimo cha jirani ni cha wizi. Alijua huo ni wivu, akauungama kila Kwaresima, na kila Pasaka akaurudia.

Januari 2019 alipatikana na kifua kikuu sugu, akalazwa katika hospitali moja upande wa Songea. Siku hiyohiyo alilazwa Vitalia wa Lituhi, mke wa Urbani, mama wa binti mmoja. Walimeza vidonge vya kwanza pamoja, wakaitana dada. Kila mwezi walipimwa uzito, macho na moyo, kisha kila mmoja akakohoa makohozi ndani ya kikopo chake. Makohozi yalioteshwa maabara, na majibu yalingojewa hata wiki nane. Vimelea vikiota, dawa imeshindwa. Visipoota, mgonjwa yuko njiani kupona.

Ya Vitalia hayakuota kitu tangu mwezi wa pili. Ya Celestina yaliota. Vitalia, mtu wa utani, akamwambia mbele ya wodi nzima, "Dada, wadudu wako wamekupenda kweli! Wangu mimi wamenikimbia." Wodi ikacheka. Celestina naye akacheka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kupima. Vitalia kaongeza kilo mbili, yeye nusu. Vitalia anaimba, yeye anakohoa. Alipomwona mwenzake anakula ugali akamaliza, aliona ni uzima wake yeye unaotafunwa.

Siku hizo majina yaliandikwa juu ya vifuniko. Asubuhi moja ya Mei vikopo viwili vilikaa dirishani vikisubiri kuchukuliwa, naye akabadilisha vifuniko. Ilichukua muda wa Salamu Maria moja, nayo hakuisali. Mwezi uliofuata akarudia.

Agosti majibu yalikuja. Daktari Dunstan alishangaa, maana Vitalia alizidi kunawiri, lakini karatasi ilisema wadudu wamerudi. Akamwambia atabadilishiwa dawa na hataruhusiwa kwenda Lituhi, ingawa Jumapili iliyokuwa inakuja binti yake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza. Celestina, ambaye karatasi yake ilisema ni safi, aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Basi liliposimama Kitai, njia panda ya kwenda Lituhi, akamwona Urbani akishuka kwenye gari la kutoka Lituhi.

"Shemeji! Hongera kwa kupona," alisema Urbani. "Nampelekea mwenzio gauni la mtoto, alione tu. Asante kwa kumtunza."

Celestina alilitazama lile gauni jeupe. Akamkumbuka mama yake Dafrosa, anayemngoja katika chumba kimoja chenye kitanda kimoja, huku yeye mwenyewe ana wadudu hai kifuani. Akashusha mzigo wake, basi likaondoka bila yeye, akarudi na Urbani hospitali.

"Daktari, usimbadilishie dawa," alisema mbele ya wodi. "Makohozi mabaya ni yangu. Mimi ndiye niliyebadilisha vifuniko."

Vitalia akamtazama. "Yaani dada, nimepona, ukanirudisha kaburini?"

Kuungama hakufuti vipimo. Wote wawili walipimwa upya, na binti akapokea komunyo bila mama yake. Baada ya wiki nyingi ukweli ulithibitika: Vitalia alikuwa safi, na Celestina akaanzishiwa dawa nyingine, ambazo zilimponya. Walipoagana, Vitalia alisema, "Nimekusamehe. Lakini kikopo changu usikiguse."

Mwaka 2021 Celestina alianza kazi yake: kubeba sanduku la vikopo kutoka vijiji vya ziwani hadi hospitali. Hakupokea kikopo kabla mgonjwa mwenyewe hajaliona jina lake ubavuni mwa kikopo na kulisoma kwa sauti. Wanasimulia kwamba masika moja gari lilizama kwenye tope, akatembea na sanduku kichwani tangu alfajiri hadi jioni, na barafu ya kupoza vikopo ndani haikuyeyuka. Lakini watu wa Lituhi wana muujiza mwingine. Mwishoni mwa 2021 Vitalia alitakiwa kutoa sampuli ya mwisho ya ufuatiliaji. Akaandika jina lake, akalisoma, akanyoosha mkono. "Haya, dada. Kishike."

Celestina alifariki mwaka 2024. Wadudu walikwisha, ila makovu ya mapafu yalibaki. Fundi alipotaka kuandika jina lake juu ya jeneza, Vitalia alimzuia: "Kwenye kifuniko hapana, fundi. Andika ubavuni."

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Lakini wewe unayeumwa na uzima wa mwenzako, usiseme mfano huu ni wa wengine. Celestina alishuka kwenye basi lililokuwa linampeleka nyumbani. Shuka nawe.