Zipu iliyofungwa: fundi wa makochi na kitabu kimoja cha topolojia

Asubuhi hii cherehani inakimbia kuliko fundi mwenyewe. Mguu uko kwenye pedali, mikono inasukuma kitambaa cha kahawia, lakini macho kila mara yanapanda ukutani, kwenye saa yenye kioo kilichopasuka.

Maktaba ya chuo inafunga saa sita mchana. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuazima vitabu kabla ya mitihani, na fundi hajachagua.

"Wifi, hiyo saa ukizidi kuikodolea macho itaona haya isimame," anasema msaidizi wake, dada wa mumewe, huku akikata sponji kwa kisu cha jikoni.

"Bora isimame. Ikisimama mimi nitapumua."

Mtaani wanamwita Mama Sponji. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati: makochi yaliyovuliwa nguo yamepangwa hadi dari, sakafu ina misumari ya stepla inayotoboa ndala, na hewa yote ni gundi. Seti moja ya makochi ikitoka salama, nyumba inakula wiki mbili. Ikirudishwa na mteja, wanakula maneno.

Lakini hofu ya leo si ya makochi. Kwa miaka mingi amekuwa akisoma shahada ya hisabati kwa masafa, yaani chuo kiko kule, yeye yuko huku, wanakutana kwenye mitihani. Masomo yote ameyamaliza. Limebaki moja, topolojia, na ameshalifeli mara mbili.

Kanuni ya chuo haina huruma. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka, shahada imekwenda, na yale yote uliyofaulu yanabaki hadithi ya kusimulia wageni.

"Kuna shule hapo jirani wanatafuta mwalimu wa hesabu," anasema bila kuinua kichwa. "Mkuu wa shule ameniambia, mama, lete cheti muhula ujao uanze. Sasa cheti hicho kimekalia somo moja tu. Limenikalia kooni kama mfupa."

Kwa wasioifahamu, topolojia ni tawi la hesabu linalochunguza maumbo kwa masharti ya ajabu kidogo. Kunyoosha ruksa, kupinda ruksa, kubonyeza ruksa. Kuchana marufuku, na kuziba palipokuwa wazi marufuku. Kwa watu wa somo hilo, kikombe chenye mkono na bangili ni ndugu wa baba mmoja, kwa sababu kila kimoja kina tundu moja tu.

"Basi wanywee chai kwenye bangili," anadakia wifi. "Halafu mtu anafeli somo kama hilo, anarudi nyumbani analia. Mimi ningecheka."

"Ungecheka kwa sababu si wewe uliyefeli."

Mara ya kwanza na ya pili alitumia kitabu kilekile, chembamba, cha jalada la kijivu. Alikichagua kwa sababu kiliingia kwenye mfuko wa aproni. Ndani yake maneno yamebanwa kama simu ya mtu asiye na salio: maana, kanuni, uthibitisho, basi. Hakuna mfano, hakuna "kwa nini".

Akakikariri chote. Alikuwa akipigilia stepla na kutamka kanuni, mpaka wifi naye akawa anaziimba bila kujua anaimba nini. Kwenye mtihani waligeuza swali kidogo tu. Kalamu ikagoma.

"Ni kama umekariri njia ya kwenda kwa shangazi, halafu wamebomoa ukuta uliokuwa unakatia kona," anasema. "Unabaki umesimama barabarani na mfuko wa zawadi."

Sasa rafu ya maktaba imebakiza viwili vingine. Kimoja ni kinene, cha jalada jekundu, picha kila ukurasa, kila kitu kimeelezwa pole pole mpaka mwisho. Cha pili ni cha bluu, kimechakaa, mgongo umeshikwa na gundi ya karatasi. Hicho hajawahi hata kukifungua.

Wanaosoma kwa masafa huruhusiwa kitabu kimoja tu, na ukishakichukua hubadilishi mpaka mitihani ipite. Kusoma kwenye simu alijaribu. Kila alipofika kwenye utamu, mteja alipiga kuuliza kochi lake limefikia wapi.

Moyo wake uko kwa chekundu. Alikisoma kidogo pale maktaba mwezi uliopita, na anasema alijisikia mwerevu kwa mara ya kwanza tangu aanze somo hilo. "Kila sentensi naitikia. Ndiyo, ndiyo, kweli kabisa. Nikasema huyu ndiye mwalimu niliyemkosa."

Anakata uzi kwa meno, ananyanyua foronya ya kochi aliyomaliza kushona, anaikung'uta. Halafu anatulia ghafla, kama aliyesikia jina lake likitajwa msibani.

"Wifi."

"Abee."

"Zipu."

Wifi anasogea, anaishika foronya, anaigeuza huku na huku. Kisha anaanza kucheka, kile kicheko cha kukaa chini.

Mafundi wa makochi wote wanalijua kosa hili, na kila mmoja atakuapia kwamba lilimtokea fundi mwingine. Foronya hushonwa ikiwa imegeuzwa, uso mzuri ukiwa ndani. Kabla ya kushona upande wa mwisho unafungua zipu kidogo, ili upate mahali pa kupitisha mkono na kuigeuza. Mama Sponji ameshona pande zote nne zipu ikiwa imefungwa hadi mwisho. Kichwa cha zipu kiko ndani. Mkono uko nje. Hakuna pa kupita.

"Mshono mzuri kweli," wifi anafuta machozi. "Hata sisimizi haingii. Tumpelekee mteja hivihivi, tumwambie ndiyo fasheni."

"Nyamaza, nakuomba. Nipe kifumulio."

"Topolojia hiyo! Si ulisema kuchana marufuku?"

Fundi anachukua kifumulio. Anafumua mshono uzi baada ya uzi, jasho likimdondokea mkononi, na mteja anakuja kuchukua makochi yake leo hii. Saa ya ukutani inaendelea na safari yake. Uzi unapomalizika, wifi anamnyang'anya foronya.

"Toka. Nenda huko kwenye vitabu vyako. Mteja wako nitapiga naye porojo mpaka asahau alichofuata."

"Wifi, ukimtania yule mzee ataondoka na makochi nusu..."

"Nenda, mama! Mguu!"

Anaondoka na aproni yake. Anagundua hilo akiwa tayari kwenye ngazi za maktaba, nyuzi zimemganda kama mtu aliyepigana na paka.

Ndani ya maktaba viti vimeshapandishwa juu ya meza, na harufu ya dawa ya kudekia imetawala. Mkutubi, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, anaanza kuzima feni moja baada ya nyingine. Mbele ya rafu ya hisabati amesimama binti wa kozi ya mchana, begi mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta topolojia?"

"Ndiyo. Hiki chekundu. Lakini kama unakichukua wewe, mimi nitabeba kitakachobaki. Sisi tunaruhusiwa kubadilisha."

Mama Sponji anakikumbatia chekundu kifuani. Nakala ni hiyo moja tu. Binti anamwangalia kwa adabu, macho yakiwa kwenye kitabu.

"Mama zangu, nafunga," mkutubi anasema kutoka mezani, muhuri mkononi. "Anayechukua aje. Na wewe wa masafa unajua, nikishagonga hapa hakuna kurudi. Msije mkanililia kesho, kesho mimi nahesabu vitabu."

Anasogea mezani. Anakilaza chekundu hapo. Mkutubi anakifungua nyuma, anapuliza muhuri.

Hapo ndipo, anavyosimulia mwenyewe, ile foronya ilipomrudia kichwani. "Niliona mkono wangu umesimama nje, zipu iko ndani. Nikajiuliza, mimi kwenye hiki kitabu nilipitisha mkono wapi?"

"Dada, dakika tano," anamwambia mkutubi. "Nakuomba."

"Tano zako zitakuwa kumi."

"Tano."

Anafungua chekundu mahali pa kanuni moja inayojulikana: umbo ambalo ni kipande kimoja, ukilinyoosha na kulipinda bila kulichana, litabaki kipande kimoja. Anausoma uthibitisho wake. Mzuri, laini, umepigwa pasi. Anaitikia kwa kichwa mstari kwa mstari. Halafu anakifunga, anageuza karatasi ya kukatia foronya iliyokuwa kwenye aproni, na kujaribu kuuandika mwenyewe.

Hakuna kitu. Anakumbuka picha, anakumbuka alivyofurahi. Mstari wa kwanza haujui.

Binti wa mchana ameshafika karibu. "Mama, unajisikia vizuri?"

"Nipe kile cha bluu, mwanangu. Haraka."

Cha bluu kinafunguka kwa mlio wa gundi kavu. Kanuni ni ileile. Lakini uthibitisho unaanza na kuishia njiani. Kitabu kinasema: tuseme huko mwisho vimetokea vipande viwili, sasa virudishe vyote viwili ulikotoka, uone utakutana na nini. Baada ya hapo nafasi tupu. Malizia mwenyewe.

"Kimekatika?" binti anauliza.

"Hapana. Kimeachwa wazi."

Mkutubi anazima feni ya mwisho. Sasa inasikika chaki ya fundi ikikwaruza karatasi, kwa sababu kalamu hana. Anachora kitambaa kimoja. Anachora mshale. Anachora vipande viwili. Anarudi nyuma, anafuta kwa kidole, anachora tena.

"Kama huko mbele vimetoka viwili," anajiambia kwa sauti, "nikivirudisha, basi na huku nilikoanzia vilikuwa viwili tangu mwanzo, havigusani. Lakini si nilianza na kimoja? Na mimi sijachana." Anainua kichwa. "Sijachana! Basi haiwezekani vikawa viwili."

"Mama," mkutubi anasema, "dakika zimeisha kitambo. Chekundu au bluu?"

Anakitazama chekundu, chenye picha, kilichomfanya ajione mwerevu. Anasema kukiacha kulimuuma kama kumwacha rafiki mwenye maneno matamu. Anakisukuma kuelekea kwa binti.

"Gonga bluu."

Muhuri unapiga meza. Hakuna kurudi.

Nyumbani hawakumpigia makofi. Mumewe, dereva wa lori la mchanga, alikipindua kile kitabu chakavu mara mbili. "Mama watoto, kulikuwa na vitabu vizima ukachagua mgonjwa?" Mwenyewe anakiri kwamba jioni ya kwanza alikwama kwenye ukurasa wa tatu na kutamani kulia. Cha bluu hakibembelezi. Mahali pengine kimeacha wazi padogo pa kidole, mahali pengine kimekuachia kitambaa kizima na mkasi.

"Sijui kama nimechagua sawa," anasema. "Huenda nimejifunga kamba mwenyewe. Lakini kile cha kijivu nilikibeba kichwani, na kile chekundu kingenibeba mimi. Hiki angalau tunabebana."

Ushauri wake kwa anayetafuta kitabu cha somo hilo ni mfupi: usisikilize sifa za jalada. Chukua kanuni moja, isome kwenye kila kitabu, ufunge, ujaribu kuiandika. Kitakachokuachia kazi unayoiweza kwa shida, beba hicho.

Mtihani umekaribia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha cherehani, Mama Sponji anamalizia uthibitisho mmoja kwa chaki kwenye ubao wa nyuma wa kochi lisilovishwa, halafu anamweleza wifi yake, ambaye bado hajasema ameelewa hata kimoja.

"Siku wifi akisema nimeelewa, nitaingia kwenye chumba cha mtihani bila kutetemeka," anasema.

"Mimi nikielewa," wifi anajibu akiwa na sindano mdomoni, "chuo na mimi wanipe changu. Haya, rudia. Vipande viwili vimefanyaje?"

Fundi anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Anaweka foronya mpya chini ya sindano ya cherehani, upande wa mwisho. Anasimama. Anaingiza kidole, anavuta kichwa cha zipu mpaka mkono upite, ndipo anakanyaga pedali na kuanza kueleza upya.